Sura ya Nne: Jenga, Usijenge

Kuanzia Mei, mvua zikishakatika na mahindi yakishaingia ghalani, viunga vya Mpanda huanza kufuka moshi wa matanuri ya matofali. Ndiyo majira ya kujenga. Udongo bado una unyevu wa kufyatulia, mafundi wametoka shamba, na pesa ya mahindi, mpunga au tumbaku imefika mkononi kabla haijapata pa kupotelea. Mbele kuna miezi mitano, labda sita, kabla mvua hazijarudi Novemba. Mume na mke walioamua kujenga mwaka huo wanajua kuwa mambo yote yatategemea kama watawahi kupaua. Ukuta wa matofali ya kuchoma unaweza kuvumilia masika bila paa, ukafunikwa juu kwa nailoni au nyasi. Ukuta wa matofali mabichi hauvumilii. Usipopauliwa, unarudi kuwa udongo.

Kazi yenyewe imegawanyika kwa namna ambayo hesabu za baadaye huisahau. Mwanamume ndiye anayeonekana: anapatana na fundi, anasimamia tanuri, anazunguka madukani kuulizia geji ya mabati. Mwanamke huchota maji ya kufyatulia, na tanuri la matofali elfu kadhaa linakunywa maji mengi. Hupika uji wa saa nne na ugali wa mchana wa mafundi na vibarua. Hulima shamba ambalo mwenzake ameliacha ili asimamie ujenzi. Mara nyingi misumari na saruji vimetoka katika gunia lake la maharage, au katika zamu yake ya upatu. Lakini muulize fundi jioni nyumba hii ni ya nani, atakutajia jina moja.

Mgawanyo huu wa kazi na wa jina upo kila mahali Tanzania. Nauleta hapa kwa sababu Katavi ni mkoa ambao watu wake wamejenga na kuhama, wakahama na kujenga, kuliko mikoa mingi ninayoijua. Pale ambapo wanandoa wanatakiwa kuhama ndipo hujulikana nyumba ilikuwa ya nani.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu, uliokuwa umetoka tu kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ndani ya miaka 10 idadi imezidi mara mbili, kwa kasi ya asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko ya mkoa wowote mwingine nchini. Uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko kama hilo. Watu wamekuja: wafugaji na wakulima wa Kisukuma wakitafuta malisho na ardhi ya mpunga, wakulima wa tumbaku kutoka Tabora, Waha kutoka Kigoma, Wafipa kutoka kusini, watumishi wa halmashauri mpya, wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wamewakuta Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, ambao nao kwao hapa hawakuachwa watulie.

Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika katika vijiji vyao vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Mbung'o walibaki na msitu. Miaka ya 1940 likaja jambo jingine: madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi karibu na Mpanda, na kwa ajili yake reli ya kilomita zipatazo 210 ikajengwa kutoka Kaliua. Mji wa Mpanda unadaiwa na mgodi ule kituo chake cha treni na sehemu kubwa ya sababu ya kuwapo kwake. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Wafanyakazi wakaondoka, treni ikaendelea kuja. Kisha miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na watu wakahamishwa tena, safari hii kuelekea barabarani.

Hayo nayapita haraka kwa sababu yameandikwa kwingine. Habari ambayo haijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili ni ya Katumba na Mishamo, na hiyo ndiyo inayonishughulisha katika sura hii. Hapo watu waliambiwa kwa miaka kadhaa wasijenge kwa kuwa watahama, halafu hawakuhamishwa.

Mwaka 1972 jeshi la Burundi chini ya Michel Micombero liliua Wahutu wengi mno. Makadirio huanzia watu laki moja na kupanda mbali zaidi. Waliokuwa na kisomo, walimu, makarani na wanafunzi, ndio waliotafutwa kwanza. Walionusurika walikimbilia Zaire, Rwanda, na kwa wingi zaidi Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kutowaweka kambini wakilishwa, bali kuwapa ardhi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972 katika mkoa wa Tabora. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Katumba, kando ya reli ya Mpanda. Ulyankulu ilipojaa kuliko maji yake yalivyoweza kuhimili, sehemu kubwa ya watu wake walipakiwa kwenye malori mwaka 1978 na kupelekwa Mishamo, msitu wa miombo kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika.

Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililokuwa chini ya Walutheri, waligawana kazi. Kila familia ilipimiwa eka zake kando ya barabara iliyonyooka, ikapewa jembe, shoka, panga, mbegu, na chakula cha kuanzia. Nyumba ilijengwa na wenyewe: miti, fito, udongo wa kichuguu, nyasi juu. Baada ya misimu michache msaada wa chakula ulikoma, kwa kuwa haukuhitajika tena. Watu waliofika mikono mitupu walikuwa wanauza mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na wanalipa kodi. Katika historia ya wakimbizi duniani sioni mifano mingi kama hiyo, na nasema hivyo kwa fahari kama Mtanzania.

Ila fahari hiyo ina mpaka wake. Chini ya sheria ya wakimbizi ya 1966, na baadaye ile ya 1998, mkazi wa makazi haya hakuruhusiwa kutoka bila kibali cha Mkuu wa Makazi. Ardhi aliyolima haikuwa yake. Sheria za ardhi za Tanzania hazimpi asiye raia ardhi ya kumiliki, isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo nyumba zile zote, hata zile zilizokuja kuezekwa mabati na kuwekewa sakafu ya saruji, zilisimama juu ya ruhusa. Ruhusa ina mtoaji, na mtoaji anaweza kuiondoa.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliona kuwa watu wa Mishamo walijihesabu kwa dhati kuwa taifa lililo uhamishoni, likisubiri kurudi, huku Warundi wenzao wa Kigoma wakijichanganya na wenyeji na kuishi kimya kimya. Naisoma tofauti hiyo kama suala la nyumba pia. Wa Kigoma alipanga chumba katika mtaa wa watu wengine. Wa Mishamo alipewa msitu, akaufyeka, akajenga, na bado akaambiwa hapa si kwako. Mtu wa namna hiyo atajenga moyoni mwake nchi nyingine.

Fikiria basi wanandoa waliooana Burundi mwaka 1970 au 1971. Wamejenga nyumba ya kwanza kwenye kilima cha baba wa mume, wakaiacha usiku. Wamejenga ya pili Ulyankulu, wakaiacha mchana, juu ya lori. Wamejenga ya tatu Mishamo, na hiyo wamekaa nayo miaka karibu 30, wakazalia humo, wakaozesha humo, wakazika pembeni yake. Simwelezi mtu mmoja ninayemjua. Hiyo ndiyo njia iliyopitwa na maelfu ya familia kwa mpangilio huohuo.

Mwaka 2007 waliulizwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Wakimbizi zilikubaliana kuyafunga makazi hayo ya zamani. Watu wapatao 218,000 waliandikishwa, na kila mmoja akatakiwa kuchagua: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Wengine waliomba kubaki.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue, kwa sababu taarifa nyingi husimulia uchaguzi ule kana kwamba familia ina akili moja na kinywa kimoja. Haiwezekani ulikuwa hivyo, na sababu iko katika ardhi.

Kwa mume, kurudi kulikuwa na maana ya kurudi kwenye kilima cha baba yake. Kuna shamba alilolitoroka akiwa kijana, kuna migomba anayoikumbuka, kuna kaka au mpwa aliyebaki. Kwa mke, kurudi kulikuwa ni kurudi kwa wakwe. Burundi haina sheria iliyoandikwa inayompa binti urithi wa ardhi sawa na kaka yake. Mirathi ya ardhi huamuliwa kwa mila, na mila humrithisha mwana wa kiume. Mwanamke hupata pa kulima kupitia mume au wanawe. Mjane aliyefiwa Katumba angerudi kudai nini, na kwa nani? Mke wa pili je? Na binti aliyezaliwa Mishamo, akaolewa na kijana wa Mishamo, na wote wawili hawajawahi kukiona kilima chochote?

Upande wa Tanzania sheria ilikuwa imesema jambo tofauti. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Uraia wa Tanzania, kwa mwanamke wa makazi yale, ulikuwa pia mlango wa kumiliki ardhi kwa jina lake kwa mara ya kwanza katika ukoo wake. Sidai kwamba kila mama wa Katumba alijua vifungu. Nadai kwamba kila mama alijua nani ni mgeni pale wanapokwenda. Mume akisema turudi kwetu, mke ana haki ya kuuliza: kwenu, au kwetu?

Zipo familia zilizogawana kwa makusudi: mzee arudi na mtoto mmoja kulinda haki ya shamba, mama abaki na wengine kulinda nyumba. Nje inaonekana kama kusambaratika. Mimi naiona kuwa busara ya watu waliokwisha kupoteza nyumba mara mbili, waliokataa kuweka kila kitu upande mmoja.

Waliochagua kurudi, zaidi ya 53,000, walisafirishwa kati ya 2008 na 2009, wakiwa na mizigo yao: baiskeli, mbuzi, magunia, masufuria, milango. Wengi walikuta kilima kina mwenyewe. Serikali zilizopita ziliwagawia wengine mashamba ya waliokimbia, hasa kusini, maeneo ya Rumonge yenye michikichi, na sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimpa aliyekaa kwenye shamba miaka 30 bila kupingwa nguvu ya kulidai. Tangu 1972 hadi 2008 ni miaka 36. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake, na tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kuamua migogoro hiyo. Ikawa kazi ya miaka mingi, yenye machungu kwa pande zote mbili, maana aliyekaa pale naye alikuwa amejenga na kuzaa na kuzika.

Waliobaki nao walipata mtihani wao. Aprili 2010 serikali ilikubali maombi ya zaidi ya watu 162,000. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imewapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja, na sifa zilizotolewa zilistahili. Lakini uraia ule uliambatana na sharti: makazi yatafungwa, na raia wapya watahamishiwa mikoa mingine ya Tanzania, wakatawanyike na kuchanganyika na wananchi wenzao. Cheti cha uraia kingekuja pamoja na kuhama. Huku nyuma walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, kama sheria ilivyotaka. Wakawa si wa huku wala si wa kule, wamekaa ndani ya nyumba walizozijenga wenyewe, wakisubiri lori.

Ujumbe uliofika vijijini kwa miaka ile ulikuwa mmoja: jiandaeni kuhama. Kwa hiyo usipande miembe, usipande mazao ya kudumu, usianze nyumba mpya. Huduma nazo zilififia, kwa kuwa nani angepeleka pesa ya kukarabati darasa au zahanati katika eneo linalofungwa? Mwaka 2011 zoezi la kuhamisha likasitishwa. Baadhi ya viongozi wa mikoa iliyotakiwa kuwapokea walihoji ardhi itatoka wapi na gharama italipwa na nani. Hata hivyo kusitisha hakukuwa kufuta. Hakuna aliyesema: basi, bakini, jengeni.

Mtu asiyewahi kujenga kwa mikono yake anaweza kudhani kwamba kutojenga ni kukaa tu, hakuna gharama. Nyumba ya udongo haikai. Kila kiangazi inataka kukandikwa upya. Nyasi za paa huoza, zinataka kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Mchwa wa miombo hawajui kwamba serikali iko kwenye majadiliano. Familia inayoambiwa itahama mwakani haikandiki, haiezeki, haibadilishi nguzo iliyoliwa. Mwakani ukifika, inaambiwa mwakani tena. Baada ya miaka minne au mitano nyumba ambayo ingeweza kudumu inakuwa imechoka pamoja na wenyewe.

Na wenye hasara kubwa kuliko wote, nadhani, walikuwa wanandoa vijana. Kijana akioa, desturi ni kwamba anajenga chake, hata kama ni chumba na sebule. Hapo ndipo mke mpya anapata jiko lake na heshima yake kama mwenye nyumba. Aliyeoa mwaka 2008 angejenga wapi? Kwenye kiwanja cha baba, ambacho kitafungwa? Huko anakopelekwa, ambako hajatajiwa kwa uhakika? Akabaki kwa wazazi, yeye na mke na watoto wawili watatu, na mkwe na mkamwana wakipika katika jiko moja mwaka baada ya mwaka. Ugomvi mwingi unaohesabiwa kuwa wa ndoa mzizi wake ni nyumba isiyojengwa.

Hatimaye mwaka 2014 serikali ilibadili msimamo. Oktoba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia, na raia wapya wakaruhusiwa kubaki walipo. Mwaka uliofuata walijiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu kama Watanzania wengine. Katumba iko leo ndani ya Halmashauri ya Nsimbo, Mishamo ndani ya Wilaya ya Tanganyika. Zina madiwani, zina shule, zina masoko ambayo watu wa Mpanda mjini huyategemea kwa mahindi na maharage.

Hukumu yangu juu ya miaka ile saba ni nzito, na naitoa nikiipenda nchi yangu kwa ukarimu wake. Kuwapa watu uraia na kuwanyima ruhusa ya kujenga ni kuwapa kwa mkono mmoja na kushika kwa mwingine. Hoja ya kwamba wangechanganyika vizuri zaidi wakitawanywa haikutazama jinsi watu wanavyochanganyika kweli. Watu huungana kupitia mpaka wa shamba, kisima cha pamoja, fundi anayejenga kwa huyu na kesho kwa yule, binti anayeolewa kijiji cha pili. Hayo yote yanataka mtu mwenye uhakika kwamba atakuwepo mwakani.

Turudi kwenye matanuri ya Mei. Wanandoa wanaojenga Mpanda leo, awe mwalimu aliyepata uhamisho, mfugaji aliyetangulia peke yake kutoka Shinyanga ili mke na watoto wamfuate nyumba ikisimama, au mtoto wa Katumba aliyesubiri miaka yote ile, wanajenga katika mkoa uliozidisha watu wake mara mbili kwa miaka 10. Ardhi ambayo jana ilikuwa ya bure leo ina madalali. Kuna anayeuziwa eneo ambalo ni hifadhi ya msitu, akajenga, akabomolewa. Kuna anayeuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Mfugaji aliyetangulia anaweza kukaa mwaka mmoja, miwili, akapata mke mwingine huku, na yule aliyeuza ng'ombe wake ili mabati yanunuliwe akafika na kukuta jiko lina mwenyewe.

Sheria ya Tanzania imeliona jambo hili kwa undani kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi yeyote kuuza, kuweka rehani au kuhamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilihesabiwa kuwa fungu lake. Lakini msingi alioujenga bado unawabeba wanawake wa nchi nzima. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinakwenda mbali zaidi: ardhi iliyopatikana kwa ajili ya kutumiwa na mume na mke huchukuliwa kuwa ya wote wawili, isipokuwa hati iseme vingine, na mwenzi aliyetoa jasho kuiendeleza ardhi yenye jina la mwenzake anapata haki ndani yake. Maji ya kufyatulia, uji wa saa nne, gunia la maharage: vyote vimo humo.

Haki hizo, hata hivyo, hudaiwa baada ya jambo kuharibika, mbele ya hakimu, kwa mashahidi. Fundi aliyejenga ameshahama. Muuza mabati hakumbuki. Risiti ziliandikwa jina la aliyesimama kaunta. Njia nyepesi ni kuandika mapema. Kijijini, hatimiliki ya kimila huweza kubeba jina la mume na la mke pamoja, na Baraza la Ardhi la Kijiji kisheria lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Mjini, hati ya kiwanja nayo inapokea majina mawili. Kuongeza jina la pili siku ya kwanza hakumpunguzii mume kitu. Kunamkinga hata yeye dhidi ya ndugu watakaokuja kudai siku asipokuwepo.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaojiandaa kuhamia Mpanda, Majimoto, Inyonga au Mishamo: kabla ya kulipia mchanga na kokoto, nendeni pamoja kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ulizeni kama eneo limo ndani ya hifadhi au nje. Ulizeni limepimwa au halijapimwa. Mwiteni jirani wa kila upande akaonyeshe mpaka mbele yenu wote wawili. Na karani atakapouliza jina la mmiliki, mtajieni mawili.